Shaba Amekataa Sanduku

Jericho, Nairobi
11 Februari 2025

Hanif mwanangu,

Assalamu alaykum. Mimi shangazi yako ni mzima, ila goti la kushoto linanionea kila asubuhi. Jirani yangu Benta anakusalimu sana. Kitindamimba wake amejaliwa mapacha huko Kisumu, na sasa hapa hatuna mazungumzo mengine ila mapacha. Mfereji wa nje ulikauka, umerudi. Bei ya nazi usiniulize. Thuo, dereva wa lori lenu, ameniambia huko kambini hakuna mtandao hata wa dawa. Hata ungekuwapo, mimi na simu tumekosana: nasikia mlio, maneno hayafiki. Basi tuandikiane kama watu wa zamani, Thuo atabeba.

Sasa jambo lenyewe. Uliniambia, "Shangazi, nikalie na Shaba kidogo tu, nichimbe visima viwili vitatu nirudi." Hukuniambia ana mimba. Huenda hukujua. Mimi nilimwona ameanza kuchagua chakula kama bibi harusi: ugali hataki, vichwa vya samaki anavigeuzia uso. Benta akamlaza chali, akamwangalia chuchu, akacheka peke yake. Tukampeleka mtaa wa Tena kwa Kalekye, daktari wa mifugo, mama mpole asiye na haraka. Akampapasa, akasema ni kweli, na katikati ya Machi atazaa. Akasema tena kwamba Shaba si binti, na mimba ya kwanza kwa umri wake si mchezo, tuwe macho. Katikati ya Machi ni Ramadhani, Hanif. Mbwa atazaa kwangu ndani ya mwezi wa Ramadhani.

Baba wa watoto ni nani, Mungu ndiye ajuaye. Benta anamshuku yule mweusi wa kinyozi.

Kabla hujauliza, Shaba ana pahali pake uani na hanyeshewi. Nyumba yenye mbwa malaika wa rehema hawaingii, nawe unalijua hilo, basi swala zangu naswali kwa Benta, katika chumba cha wanawe walioondoka, chini ya kalenda ya kanisa lao. Yeye huzima redio mpaka nitoe salamu. Majirani wacheke watakavyo.

Mbwa simwogopi. Naogopa hii mimba. Marehemu kaka yangu Zubair alimlea tangu akiwa kiganja cha mkono, wakalinda pamoja lango la lile godauni la mtaa wa Baba Dogo mpaka siku aliyofariki. Akinifia huyu, nitakutazama wewe kwa uso gani? Niandikie unavyotaka nifanye. Na uniambie, Idi utakuwa nyumbani?

Shangazi yako,
Lela


Kambini, kaskazini ya Marsabit
19 Februari 2025

Shangazi, shikamoo,

Natumai uko poa na goti imepunguza. Mwambie Mama Benta hongera ya mapacha. Mimi niko sawa, ni jua tu. Tumechimba mita mia na bado ni vumbi, mashine inalia mchana kutwa, na wazee wa hapa wanakuja kukaa kando ya shimo wanatuangalia tu. Chakula ni maharagwe. Nimekonda lakini sio vibaya.

Barua yako nilisoma nikiwa nimesimama kando ya lori, nikakaa chini, nikasoma tena. Wallahi sikujua. Ningejua singemwacha. Sasa tangu jana kazi inanichenga, nashika spana nasahau nilikuwa nafungua nini.

Tafadhali nisaidie hivi. Tafuta fundi akutengenezee sanduku ya mbao, mbele iwe chini kidogo ndio aingie bila kuruka, na tumbo isigonge. Uweke kwa kona yenye giza, upepo isifike. Chini tandika magazeti. Halafu juu ya magazeti weka koti ya Baba, ile ya kazi, ya kijivu. Iko kwa gunia nilileta pamoja na Shaba. Tangu Baba aende, Shaba analala juu ya hiyo koti. Kuna siku niliisahau nje ya nyumba kule Baba Dogo, akalia mpaka plot nzima ikaamka kunitukana. Akiwa na koti anatulia.

Usimwache atoke peke yake. Ukiona amekataa kula kabisa na anahema na anakwaruza chini, ndio wakati, mwite daktari.

Shangazi, sijui nikuandikie aje hii. Shaba akienda, basi Baba ameenda mara ya pili, na mimi niko mbali tena.

Ni mimi,
Hanif


Jericho
27 Februari 2025

Hanif mwanangu,

Salamu na dua. Goti "imepunguza", koti "ya kijivu". Babako na shahada yake yote ya shule ya zamani angekushika sikio, lakini nimekuelewa. Benta ameletewa picha ya mapacha, wote wawili wana kichwa cha baba yao, maskini. Sisi tunangoja mwezi uandame. Nimeshanunua tende.

Sanduku limekwisha, fundi wa sokoni amelipiga randa hata ungeweka nguo zako za Idi. Nimeliweka kona ya uani, nikaning'iniza gunia juu ya kamba upepo usipite. Magazeti yapo. Na koti lipo.

Hilo koti, Hanif. Nilipofungua gunia, harufu ya Zubair ilinijia yote kwa mara moja, tumbaku na moshi wa makaa na yale mafuta aliyojipaka kifuani. Nikakaa pale chini na koti mapajani. Lakini mwanangu, lilikuwa limejaa mate na manyoya ya mbwa, na litakaa hatua chache kutoka kwa vyombo vyangu. Basi nikalifua. Mara saba, moja kwa udongo, kama sheria ilivyo. Kisha nikaingiwa na shaka kama ile ya tatu maji yalifika kwenye kola, nikaanza upya. Nililianika, nikalipiga pasi, nikalifukiza udi. Sasa linanukia kama nguo ya harusi.

Na nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile kaka yangu alipofariki, wanaume walimwosha ndani, nami nikakaa nje ya pazia nasikia maji yakimwagika. Ndiyo dini yetu, sina la kupinga. Lakini ni kaka yangu, nilimbeba mgongoni, na sikupata hata kumshika mguu. Koti nimelifua mimi mwenyewe kwa mikono hii, nimelia, wala sikuona haya.

Mikono imepasuka kidogo. Ni baridi tu.

Shaba anakula vizuri, tumbo limeshuka. Ila sanduku bado hajalizoea. Anakuja, ananusa koti, ananitazama, anatoka. Jana alilala mlangoni juu ya saruji. Leo nimelifukiza sanduku tena udi mzuri wa Mombasa, labda anasikia harufu ya mbao mbichi. Benta asema tumpe siku mbili tatu.

Kuhusu Idi hukunijibu.

Shangazi yako,
Lela


Kambini
3 Machi 2025

Shangazi, shikamoo, na Ramadhani karim,

Huku tunafunga watu watatu. Maji ya kisima cha zamani ina chumvi, ukifuturu nayo unakiona. Lori ya Thuo imekwama mchangani tangu wiki iliyopita, kwa hivyo kama uliniandikia bado sijapata. Hii nampatia dereva wa lori ya mbuzi, ameapa ataifikisha Nairobi.

Naandika haraka juu kuna kitu nilisahau kusema na imeninyima usingizi. Usifue koti. Najua wewe, Shangazi, najua vile mkono yako inakaa karibu na sabuni. Hata ikiwa chafu aje, usifue. Shaba si ati anaijua kwa macho, anaijua kwa pua. Baba yuko ndani ya hiyo koti. Ukitaka kuwa mbali nayo, beba na kijiti, funika pua, lakini usiitie maji. Na usifukize udi karibu na yeye, atachanganyikiwa.

Kama bado hujafua, asante. Nimekaa hapa nafikiria uko nayo kwa karai.

Ni hayo tu.
Hanif


Jericho
11 Machi 2025

Hanif mwanangu,

Salamu. Goti usiniulize leo. Benta anakusalimu na ndiye aliyenisukuma nikae niandike.

Barua ya lori la mbuzi ilifika. Ilichelewa. Nilikuwa nimeshafua, kama utakavyoona kwenye ile nyingine, sijui ipi utaisoma kwanza. Na siku iliyonifikia barua hiyo, Shaba alikuwa hayupo.

Nisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika. Nilikwenda kuswali adhuhuri kwa Benta. Niliporudi gunia limeanguka, mlango wa uani uko wazi, sanduku linanukia udi na mbwa hamna. Nikazunguka soko lote la Jericho namwita. Mimi, mke mtu mzima mwenye ushungi, nakwenda vibanda vyote nauliza, mmemwona mbwa wangu? Nilisema wangu, nawe ukumbuke. Muuza viazi akaniambia amemwona anakwenda zake mbio mbio kama mtu mwenye ahadi. Na tumbo lile. Nilimwona ameshakufa barabarani mara kumi kabla ya alasiri.

Ndipo nikasoma barua yako tena, pale uliposema anajua kwa pua. Nikamwambia Benta, huyu ametafuta harufu. Twende Baba Dogo. Benta akasema una saumu, jua hili. Nikamwambia saumu yangu tutaongozana.

Alikuwa langoni kwa godauni, Hanif, amejilaza pale pale baba yako alipokuwa akiweka kiti. Mlinzi mpya, Nahashon, alikuwa amemwekea maji katika kopo. Anasema alifika akiwa hoi, akakwaruza saruji, akalala. Nilimwita, akapiga mkia mara moja na asinyanyuke. Benta akamvuta, akatoa meno. Huyo ambaye hajawahi kumtolea hata paka meno. Nikaona hapa ndipo atazalia, langoni kwa watu, magari ya mizigo yakipita, na nikaishiwa na la kufanya. Nikaketi chini pembeni yake. Miguu ilikuwa imekwisha, jasho linanitiririka. Nikavua leso niliyojitanda juu nikajifuta uso na shingo, nikaiweka chini.

Akaja juu ya leso. Alinusa, akazunguka, akalala juu yake, kichwa kwenye mguu wangu. Benta ndiye aliyefahamu kwanza. Akasema, "Lela, amekaa kwako siku ngapi hizi? Hii harufu yako anaijua. Wewe ndio umekuwa ukiiosha."

Tulimrudisha kwa mkokoteni wa muuza maji, amelala juu ya leso. Nimelitoa koti la udi sandukuni, nimeweka leso ile ile, sijaifua, na nyingine mbili nilizolalia. Ameingia. Yumo hata sasa ninapoandika. Mimi silali, kila akihema nanyanyuka kumtazama. Kalekye amekuja kumwona, anasema ni siku chache tu, na safari ile haikumfaa.

Koti nimelikunja. Nalinusa kila siku. Linanuka udi tu.

Lela


Kambini
15 Machi 2025

Shangazi,

Salamu. Barua zako mbili zimefika leo pamoja na lori.

Koti ulifua. Ndio ilikuwa imebaki.

Shaba asitoke tena. Na wewe usitembee mpaka Baba Dogo na saumu.

Mikono yako. Februari Nairobi hakuna baridi.

Hanif


Jericho
21 Machi 2025

Hanif mwanangu,

Assalamu alaykum. Benta anakusalimu. Mapacha wamepewa majina, nayo yamewakaa vizuri. Mvua imeanza kunusanusa. Mimi niko salama. Umenikasirikia, na una haki, nami sitajitetea. Ila siwezi kukuacha unangoja habari huku tumenuniana, basi hii hapa.

Shaba amezaa juzi. Asubuhi alikataa uji, akakataa hata nyama ya kusaga aliyoletewa na Benta. Akaanza kukwaruza leso. Nikamtuma mtu kwa Kalekye, akarudi na jibu kwamba daktari yuko kwa ng'ombe Kayole, akitoka tu atakuja. Benta alikuwa sokoni na samaki wake. Nikabaki mimi na mbwa na wasiwasi wangu, na glavu nilizonunua ziko mezani zimefungwa kwa karatasi.

Baada ya alasiri wa kwanza akatoka, mweusi, nikamjua baba yake papo hapo. Kinyozi atanisikia. Shaba alimlamba mwenyewe, akapasua ule mfuko, akakata kitovu, nami nasimama mlangoni nimejishika mdomo. Wa pili naye hivyo hivyo. Nikasema alhamdulillahi, hii kazi anaijua.

Wa tatu alitoka ndani ya mfuko wake na Shaba hakugeuka. Alilala ubavu, ulimi nje, akanitazama. Nilimwambia, "Shaba, mtoto huyo." Akanitazama tu. Na ndani ya ule mfuko niliona kitu kinafungua mdomo na hakuna hewa. Glavu ziko pale pale mezani, hatua nne. Sikuzifuata. Nilipiga magoti, nikapasua kwa kucha, nikatia kidole mdomoni kutoa ute, nikamsugua kwa leso kama nilivyoona wakunga wakisugua watoto wa watu. Akalia sauti ndogo kama ya mlango usiotiwa mafuta. Mimi nililia kubwa zaidi. Wa nne nikampokea vilevile. Damu na maji mpaka viwiko, Hanif, na katika dini yangu hakuna najisi inayopita hiyo, na sikuwa na nafasi ya kufikiri hata neno moja la hayo.

Wa tano alichukua muda. Alipotoka hakuwa na pumzi. Nilimsugua. Nilimpulizia. Nikamsugua tena, Benta akaingia na karai lake la samaki akanikuta bado namsugua, akanishika bega akasema, "Lela, wacha." Sikuacha mpaka nikasikia adhana.

Nilikuwa siwezi kunyanyuka, wanne walikuwa wanatafuta ziwa na mmoja wao nimemshikilia pale pale ashike. Kalekye alikuwa amesema nisinawe kwa sabuni mpaka wote wanyonye, mama asije akawakana. Mikono yangu ilikuwa haifai hata kushika kikombe. Basi Benta, mwana wa kanisa, akafungua kopo langu la tende, akaondoa kokwa, akanitia tende mdomoni mwangu. Akaninywesha maji kama mgonjwa. Nikafuturu hivyo, nimepiga magoti mbele ya sanduku. Nikasoma dua yangu na tende iko shavuni.

Kalekye alifika baadaye, akamdunga Shaba sindano. Anasema amechoka sana lakini homa hana, na akila vizuri wiki hii atapona. Leo amekula. Nakwambia kweli, sikufichi: bado namwogopea, na naamka kumwangalia. Wanne wananyonya mpaka wanalewa.

Nilinawa baadaye, kwa udongo na kwa maji, kama inavyotakiwa, na nilipofika mara ya saba mkono ulitaka kuendelea. Benta alikuwa amekaa pale. Akafunga mfereji. Uliniandikia kuhusu baridi ya Februari. Hakuna baridi. Hivyo ndivyo nilivyo tangu baba yako atutoke, na wewe uliliona kwenye karatasi, ukiwa mbali huko, wakati wanaokaa nami walikuwa hawajaliona.

Yule wa tano nilimzika asubuhi yake, nyuma ya ukuta, mimi mwenyewe na jembe la Benta. Sikukungoja. Na nilipokuwa nafukia nilijua kwamba hilo ndilo tunalolizunguka barua zote hizi, mimi na nazi zangu, wewe na mita zako. Baba yako tulimzika, hatukukungoja. Ulifika siku ya tatu, ukatupita sote mlangoni bila salamu, ukaenda Baba Dogo ukamchukua mbwa. Tangu siku hiyo hujaniuliza neno, nami kwenye barua nakuuliza Idi kana kwamba ndiyo ninayoitaka.

Niulize, Hanif. Si kwa karatasi. Omba ruhusa upande hilo lori, uje ukae hapa uani Shaba akinyonyesha, uniulize kwa nini hatukukungoja. Ninalo jibu, si zuri. Ukitaka kunigombeza, nigombeze mpaka Jericho nzima itoke nje. Mimi sitanyanyuka pale nilipokaa.

Shangazi yako,
Lela